Donat Bado Amesimama

Mwila, chef wa kikosi, alipotoa amri ya kusimama wima, garde-à-vous, visigino vya kikosi kizima viligongana kwa pamoja. Kisha nyuma kabisa, pasipokuwa na mtu, visigino vingine vikagongana kwa kuchelewa.

"Chef, ni nani ule?" Benita wa mstari wa mwisho alinong'ona.

"Nyamaza," Mwila akajibu, kwa maana alimjua.

Kikosi cha wanafunzi-maofisa wa chuo kikuu kilikuwa na bendera yake ndogo, fanion, ya kijani yenye msalaba wa shaba katikati. Wanafunzi wa kwanza kabisa waliidarizi kwa mikono yao wakaapa isiguse udongo, na kila mgeni husimuliwa habari hizo kabla hajafundishwa kupiga hatua. Atakayeiangusha husimama nayo juani mpaka chef amwambie "repos", ndipo alegee.

Mwezi wa kumi uliotangulia Mwila mwenyewe aliiangusha, akiwa ghalani na Donat, mwanafunzi wa kikosi chake, peke yao. Mkuu wa mafunzo alipoliona vumbi msalabani, kidole cha Mwila kilimwelekea Donat. Donat alimtazama tu. Askari habishani na chef wake. Mwila akamsimamisha juani, akaenda zake kula bukari na kupiga soga, akamsahau. Aliporudi alimkuta ameanguka, amekwisha kufa. Watu wakasema ni jua. Na shujaa wetu akabeba jeneza mbele kabisa, huku Germaine, mama wa marehemu, akimshukuru na kumwita mwanangu. Neno lile lilimchoma kuliko tusi.

La kuvunda halina ubani. Tangu hapo harufu ya jasho na sirage ya kung'arishia viatu ilimfuata darasani, ikamfuata kanisani, ikakaa juu ya sahani yake, na nyuma ya shingo yake, mchana kweupe, mtu mwenye kiu akawa anapumua, anapumua, hasogei, hasemi, hata Mwila akaogopa kugeuka na akaogopa zaidi kutogeuka.

Alikimbilia komine ya Kenya, mtaa wa mji uleule, kwa Lydie, mama wa maombi.

"Mama, mumufukuze," alinong'ona.

"Nitamufukuza wapi? Iko anangojea amri. Ni weye ulimusimamisha, na kwa bongo, kwa uongo wako."

"Nikisema kweli, batanikatalia galon zangu za uofisa."

"Basi, ukae naye."

Siku ya sherehe ya fanion, wageni wakiwa wamekaa, Mwila aliitwa mbele kuvishwa galon za uofisa begani. Harufu ile ikazidi. Akausukuma mkono wa mkuu, akaugeukia uwanja, akapaza sauti.

"Ni miye niliangusha fanion! Donat hakukosa kitu. Donat... repos!"

Kila mtu alisikia. Kwenye changarawe, pasipo na mtu, buti zilisogea, pumzi ndefu ikashuka, kisha hatua nzito zikaondoka taratibu mpaka zikapotea. Harufu ikakoma. Mwila alilia kwa nafuu, bila haya.

Ndipo Germaine akainuka katikati ya wageni, akamjia.

"Mutoto wangu alikuwa amesimama hapa siku zote hizi?" akauliza. "Na weye ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ungeniita," mama alisema. "Ningemuletea ata mayi ya kunywa."