Nafasi ya Marieta

Jumapili ile ilianza kama Jumapili nyingine yoyote pale Musoma. Watu walitoka kanisani, wakapitia sokoni kununua sato, na ilipofika alasiri wenye televisheni wakaacha milango wazi ili majirani wasiokuwa nazo wapate pa kukaa. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Biashara ilikuwa imefunguliwa na vitu vimerudi madukani, kana kwamba havijawahi kuadimika. Televisheni ziliingia kupitia mpaka wa Sirari zimeviringishwa ndani ya magodoro, na mji wetu ulikuwa na kituo chake chenyewe.

Kituo kilikuwa cha wamisionari Waitaliano. Bruda Bernado, mtu mfupi mwenye sauti ya mchuuzi wa samaki, aliwahi kuendesha televisheni ya kijamii katika mji mdogo kwao. Ilipofungwa akapakia kamera, taa na mitambo yote kwenye kontena, akaja nayo, akaifunga ndani ya ghala la zamani la pamba karibu na ziwa. Kila Jumapili alirusha kipindi cha kwaya, vichekesho, ngoma za asili na mashindano ya kula ugali, moja kwa moja hewani. Hakurekodi kitu. Kanda ni za waoga, alisema. Taa nyekundu ya kamera ilipowaka alipaza sauti, "Diretta!" na mafundi wetu nao wakazoea kusema "tuko direta", maana yake sasa hakuna kukohoa wala kurudia.

Mkuu wa mitambo alikuwa Boniphace, mhandisi aliyesomea Chuo Kikuu, mtu wa maneno machache. Alikaa ndani ya chumba kidogo nyuma ya kioo. Mbele yake zilikuwa skrini tatu, kila moja na kamera yake, na kazi yake ilikuwa kuchagua ni picha ipi iende kwa watazamaji wa Musoma, Butiama, na wale wa Bunda waliofunga antena juu ya milingoti mirefu.

Mke wake, Marieta, alikuwa amefariki kwa homa wakati wa masika. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kijijini kwao, Kiriba. Alimwachia Boniphace binti mmoja, Boke, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Hakumwachia picha. Walioana miaka ya dhiki, watu walipopanga foleni ya sabuni na filamu ya kamera haikupatikana mji mzima. Baadaye, filamu zilipojaa madukani, kila mwaka walisema watapiga picha mwakani.

Kwaya ya Kiriba ilikuwa na desturi moja. Mwimbaji wao akifa, nafasi yake haizibwi. Wanaimba wamesimama mstari, na pale alipokuwa anasimama wanapaacha wazi mpaka siku tanga litakapoanuliwa. Watazamaji wa Mara nzima waliijua desturi hiyo. Ukiona pengo, unauliza nani amefariki.

Jumapili ile kwaya ilikuja kwa mara ya kwanza bila Marieta.

Wakajipanga. Pengo likabaki katikati, upana wa mtu mmoja. Mwalimu wao, Clementi, akainua mkono, taa nyekundu ikawaka, wakaanza. Boniphace akatazama skrini ya kamera ya pili. Ndani ya pengo palikuwa na kivuli.

"Leodgar," alimwita mpiga picha kupitia vipokea sauti vya masikioni. "Futa lenzi."

"Nimefuta, mkuu. Labda ufute macho."

Boniphace akainua kichwa, akatazama ukumbini kupitia kioo. Pengo lilikuwa tupu. Akarudi kwenye skrini. Kivuli kilikuwepo.

Hakuogopa. Zile kamera zilikuwa za kizamani, na kamera za aina ile zikikitazama kitu muda mrefu huweza kubaki na alama yake. Marieta alisimama pale pale Jumapili nyingi. Hiyo ilikuwa fizikia, na fizikia ilimtosha wiki nzima.

Jumapili iliyofuata kivuli kilikuwa mtu. Mwanamke, amesimama ameipa kamera mgongo, amevaa kitenge cha kijani chenye duara za njano. Boniphace alikijua kitenge kile. Alikinunua Mbuke, dada yake mkubwa Marieta, asubuhi ya mazishi. Kilipindwa asubuhi hiyo hiyo, mchana kikaingia kaburini, mvua ya masika ikinyesha.

Kamera ile haikuwahi kukiona.

Mtu mwingine angekimbia. Boniphace alisogeza kiti karibu na skrini. Akawarushia watazamaji picha za kamera ya kwanza na ya tatu tu, ile ya pili akabaki nayo mwenyewe. Wimbo ulipokwisha na mwanamke akafifia, alitoka akamshika Clementi mkono.

"Mwalimu, mje kila Jumapili."

"Kila Jumapili? Na mashamba yetu alime nani, Bwana Boniphace?"

Lakini walikuja, kwa ajili ya msiba wake. Na kila Jumapili mwanamke yule aligeuka kidogo. Kwanza likaonekana sikio. Kisha upande wa shavu. Boniphace aliishi kwa ajili ya lile shavu. Alikuwa ameanza kusahau, na hilo lilimtisha kuliko mauti: hakukumbuka tena kama kidoti cha Marieta kilikuwa shavu la kulia au la kushoto. Kuuliza mtu aliona aibu. Mume atauliza vipi jambo kama hilo?

Mbuke alikuja kutoka Kiriba na furushi la samaki wakavu, ningu, akakaa kwenye mkeka, akakataa chai.

"Shemeji, tanga linakaaga mpaka lini? Wazee wameniambia kila wakikuita una kazi. Kazi gani hiyo isiyokuwaga na likizo?"

"Mavuno yakipita, shemeji."

"Mavuno yamepita. Hata panya ghalani wanajua yamepita." Kisha akashusha sauti. "Umemwangalia mtoto?"

Boniphace alikuwa hajamwangalia. Boke alikuwa amelala kwenye kochi mchana kweupe, mifupa ya mabega imechomoza. Alikuwa anakohoa kikohozi kikavu, na hospitali hawakuona kitu. Baba yake alimpeleka studio kila Jumapili kwa sababu hapakuwa na wa kukaa naye. Alimkalisha kiti cha mbele kabisa cha wageni wa ukumbini, upande wa kushoto.

"Baba," Boke alisema bila kufumbua macho, "mama anasemaga nisogee kwake."

"Anasema lini?"

"Wakati wa kwaya."

Jumapili iliyofuata Boniphace alitazama skrini kwa jicho jingine. Akapima. Mwanamke alikuwa anageukia kushoto. Si kwenye kamera. Si kwenye chumba cha mitambo. Wiki zote zile hakuwa anamgeukia mumewe.

Alikuwa anageukia viti vya mbele.

Wakaanua tanga wiki hiyo hiyo. Pombe ikanywewa Kiriba, ng'ombe aliyeletwa kutoka Mugeta, kwao Boniphace, akachinjwa, mume akanyolewa nywele, waombolezaji wakatawanyika. Boke aliomba ugali jioni ile ile. Akamaliza, akaongezwa. Siku zilizofuata kikohozi kilikatika kama uzi.

Kwaya iliporudi studio, ilikuwa imejisogeza. Bega kwa bega. Skrini ya pili ilionyesha waimbaji na ukuta, basi.

Hapo ndipo Boniphace alipojua kilio ni nini. Kaburini hakulia hivyo. Alikaa mbele ya zile skrini na kipindi kikaenda kikaisha, Bruda akimpigia kelele kwamba anachelewa kubadilisha picha. Uso wa Marieta hakuuona. Shavu moja tu, nusu, lenye giza. Alimrudisha mkewe kaburini bila kumwona uso, na sasa hata ndotoni Marieta alikuja amempa mgongo.

Alivumilia. Kisha akashindwa. Alimfuata Clementi nyuma ya jukwaa, katikati ya wachekeshaji waliokuwa wakijipaka masizi.

"Mwalimu, leo muache ile nafasi."

Clementi alidhani anatania. "Nafasi ipi?"

"Ya Marieta. Mara moja tu. Sitarudia kuomba."

Mzee wa watu akamtazama kichwa kilichonyolewa. "Bwana Boniphace, tanga limeanuliwa. Yeye kashaaga." Akanong'ona. "Hiyo nafasi leo itakuwa ya nani?"

"Nakuomba. Mtoto hayupo, nimemwacha nyumbani na mama yake mkubwa. Hakuna ubaya."

Clementi alikuwa mtu wa huruma. Huruma hiyo anaijutia mpaka leo.

Wakajipanga. Pengo likarudi katikati. Bruda Bernado akapunga karatasi zake, "Diretta!" Taa nyekundu ikawaka.

Alikuja papo hapo, na safari hii hakuanza na kivuli. Alisimama ndani ya pengo na kitenge chake cha kijani, ameipa kamera mgongo, na maji yalikuwa yanadondoka kwenye upindo wa kitenge. Ilikuwa kiangazi. Boniphace akaweka kiganja kwenye skrini.

"Geuka," akasema. "Marieta. Geuka tu."

Mlango wa ghala ukafunguka. Mbuke aliingia na umati wa waliochelewa, akitafuta kiti kwa macho. Alikuwa amemshika Boke mkono. Mtoto alikuwa mzima sasa, hakutaka tena kukaa ndani, alilia mpaka jirani mmoja akasema mpelekeni kwa baba yake.

Boke akachomoa mkono wake.

Alipita katikati ya viti. Hakukimbia. Alipanda jukwaani kama mtu anayejua njia, na watu wakacheka na kupiga makofi, wakidhani ni sehemu ya kipindi. Leodgar akacheka masikioni mwa Boniphace.

"Mkuu, binti yako huyo! Kaja kuimba!"

Mtoto akaingia kwenye pengo. Akasimama. Akawageukia watu.

Boniphace alimwona kupitia kioo. Gauni la bluu. Mikono pembeni. Peke yake.

Akatazama skrini.

Boke hakuwepo. Alikuwepo Marieta, na Marieta aligeuka.

Ulikuwa uso wake. Hapakuwa na jicho lililooza wala jino lililotoka. Ulikuwa uso wake tu, aliouamkia miaka yote ile. Kidoti kilikuwa shavu la kushoto. Hakumwangalia mumewe hata kidogo. Aliangalia chini, kimo cha mtoto. Akainama. Akafungua kitenge. Akafunika kitu ambacho skrini haikukionyesha, akakibana kifuani, taratibu, kama mama anavyomfunika mtoto mvua inaponyesha.

Kisha akampa mumewe mgongo.

Boniphace akaruka kwenye swichi kuu, akaivuta.

Giza. Kwaya ikakatika katikati ya neno. Mitambo ikanyamaza. Bruda akaita watakatifu wote wa kwao. Boniphace alivunja mlango wa chumba badala ya kuufungua, akapita juu ya nyaya, akapapasa jukwaani, akakamata mkono mdogo.

Ulikuwa na joto.

"Baba," Boke akasema, "mbona mmezima?"

Alimbeba mpaka nje, kwenye jua. Akamkagua meno, macho, vidole. Mtoto alikuwa mzima. Mbuke alikaa chini kwenye changarawe. Leodgar alitoka na tochi mkononi, akasema jukwaani pana maji, nani amemwaga maji?

Hapakuwa na aliyemwaga.

Kwaya ya Kiriba haikuja tena. Boniphace hakuomba. Mtoto akanenepa, akarudi shule, akapenda kuruka kamba na kuwajibu wakubwa. Baba yake alianza kucheka tena, kidogo kidogo. Akasema moyoni kwamba amelipa kwa hofu, na hofu imetosha.

Mwishoni mwa mwaka Bruda Bernado aliandaa kipindi cha watoto wa shule. Boke alichaguliwa. Mbuke alikuja toka Kiriba na mafuta ya kumpaka miguu ing'ae. Watoto wakapangwa mstari mmoja, wameshikana mikono, Boke katikati. Boniphace alimwona kupitia kioo, akampungia. Akampungia tena. "Diretta!" Wimbo ukaanza, na sauti ya Boke ilikuwa juu ya zote, sauti ya mama yake.

Boniphace akashusha macho aichague picha.

Simu ya studio ikalia. Leodgar, ambaye siku hiyo hakuwa kwenye zamu ya kamera, akaipokea, akasikiliza, akaziba mdomo wa simu kwa kiganja.

"Mkuu, ni mtazamaji wa Bunda, kule Manyamanyama. Anatoa pole. Anauliza ile nafasi mliyoiacha katikati ya watoto ni ya marehemu gani."

Skrini ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Pengo lilikuwa kwenye zote.

Boniphace akainua kichwa taratibu. Nyuma ya kioo binti yake alikuwa anaimba, anamtazama, anatabasamu. Msichana aliyekuwa kulia kwake alikuwa ameuachia mkono wake, na alikuwa anafuta kiganja kwenye gauni, anafuta, anafuta tena, kama mtu aliyeshika kitu kilichotoka majini.