Pipa Lililomwita Kila Mtu Mpenzi

"Asante mpenzi! Umenifurahisha!"

Mchoraji alibaki ameinama mbele ya pipa, mkono bado hewani. Chupa aliyoitupa ilikuwa imeshafika chini. Taa za kijani zilizunguka mdomo wa pipa vilevile alivyozichora. Lakini ile sauti haikuwa yake.

— Waya, hebu njoo hapa.

Fundi Waya alitoka nyuma ya meza ya karakana, koleo mkononi. Mchoraji ndiye aliyebuni pipa. Waya ndiye aliyelitia umeme na maneno. Kulia unatupa chupa na makopo, kushoto mabaki ya chakula. Ukipatia, linakushukuru. Ukikosea, linakurudishia taka yako. Mapipa hayo yalikuwa ya tamasha kubwa la muziki, na tamasha likishapita, wao wawili wafunge ndoa.

— Hii sauti ya nani?

— Sauti tu.

— Sauti tu haina mwenyewe?

Waya akakuna kisogo.

— Mwandaaji wa tamasha alitaka sauti inayojulikana.

Mchoraji alitupa chupa nyingine. "Asante mpenzi!" Safari hii damu ikampanda kichwani. Sauti ile nusu ya mji huamka nayo redioni. Ni ya mtangazaji anayeitwa Asali, na kabla hajawa Asali wa redio, alikuwa Asali wa Waya.

— Yule? Dunia nzima imejaa midomo, ukaona wa yule tu?

— Ni kazi, mpenzi.

— Usiniite mpenzi! Hata pipa linaita watu mpenzi!

— Punguza sauti, mafundi wanasikia.

— Wasikie! Tulirekodi sauti yangu jikoni kwako, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Iko wapi?

Waya aligeuzageuza koleo mkononi.

— Iliharibika.

Mchoraji alimkazia macho mpaka Waya akayakwepa. Akachukua mkoba wake akaondoka, mlango akaubamiza koleo zikatikisika ukutani.

Kwa shangazi yake alikofikia, simu iliita mpaka ikachoka. Kisha zikaja meseji.

"Nipokelee basi."

"Sauti yangu iliharibikaje?"

"Tukionana nitakueleza."

"Eleza sasa."

"Tamasha likiisha, nakuahidi."

Mchoraji aliitupa simu kwenye kochi.

— Wamerudiana, shangazi. Nimemaliza.

— Labda, shangazi akajibu huku akikunja nguo. Au ni mwoga tu. Hayo ni magonjwa mawili, mwanangu. Usimnyweshe mtu dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

— Hata huo woga una jina la mwanamke!

Siku ya tamasha hakwenda. Alikaa sebuleni akihamahama viti, hasira zikimchemka kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Mchana simu ikaita, namba ngeni.

— Dada, samahani. Mimi Asali.

Mchoraji alisogeza kidole kwenye kitufe cha kukata.

— Usikate, tafadhali. Niko kwenye tamasha. Nimemuuliza Waya uko wapi, akababaika, nikaomba namba yako kwa mafundi wenzenu. Dada, si wewe uliyependekeza sauti yangu?

— Mimi?

— Ndivyo alivyoniambia. Nikafurahi, nikasema kumbe hatuna kinyongo. Mume wangu ndiye aliyenipeleka studio, tena akanisubiri nje. Sasa nimeona nikwambie mwenyewe, nisionekane mchawi wa ndoa ya watu.

— Kwa hiyo ametudanganya wote wawili.

— Wote wawili. Halafu dada, njoo uyaone hayo mapipa. Hali si nzuri.

Alidhani moyo ungetulia. Haukutulia, ile hasira ilibadilisha nguo tu.

Langoni mwa tamasha alikuta umati umelizunguka pipa kama kuna ngoma. Watu walikuwa wameipenda sauti kupita kiasi. Walitupa chochote, popote, ili waitwe mpenzi. Soda ilikuwa imemwagika kwenye jicho la umeme linalotambua taka, sasa halitofautishi kitu. Pipa lilishukuru chupa, likashukuru sahani ya mchuzi, likashukuru nepi ya mtoto.

"Asante mpenzi! Asante mpenzi! Asante mpenzi!"

— Linanipenda kuliko mke wangu! mzee mmoja akapaza sauti, watu wakaangua kicheko.

Waya alikuwa ameinama upande wa pili, mikono imezama mpaka viwiko ndani ya uchafu. Mwandaaji alimsimamia kichwani.

— Nilitaka pipa la kutenganisha taka, siyo la kutongoza watu! Zima! Na mwakani msinipigie!

Waya akazima. Umati ukazomea, ukatawanyika.

— Sauti yangu iliharibikaje?

Waya aligeuka, mchuzi ukimchuruzika kifuani.

— Sasa hivi?

— Sasa hivi.

— Haikuharibika. Mwandaaji aliikataa. Alisema inatisha, kama ya mwalimu wa zamu anayewinda wachelewaji. Akamtaka Asali. Nikaogopa kukwambia la kwanza, la pili likanishinda kabisa. Kwa Asali nikatunga jingine.

— Ulidhani nitavunjika?

— Nilidhani utanuna.

— Ningenuna, ndiyo! Halafu ningeamka nikafanya kazi. Badala yake umeniacha nakesha, namwona mke wa mtu kitandani mwako. Na hili pipa ni langu pia, Waya! Unanificha jambo la kazi yangu mwenyewe!

Sauti ilimkatika. Waya alinyoosha mkono amshike, akauona ulivyochafuka, akaurudisha.

— Nimekosa. Sina la kujitetea.

Mchoraji alifuta macho, akatazama mapipa yanayofurika mpaka chini. Akavaa glovu.

— Wewe chupa. Mimi makopo.

Walichambua taka bila kusemeshana mpaka muziki ukaisha na watu wakaanza kutoka. Ndipo wakakaa kwenye ngazi za lango, wamechoka, wananuka.

— Niambie jambo baya, Mchoraji akasema.

— Jambo gani?

— Lolote unalonificha. Nataka nione kama unaweza. Kama huwezi, hakuna harusi.

— Mwandaaji hataki tena mapipa yetu.

— Hilo nimelisikia kwa masikio yangu. Jingine.

Waya alifuta mikono kwenye suruali.

— Mama halipendi gauni la harusi ulilochagua.

Mchoraji akamgeukia.

— Na wewe?

Jasho lilimtoka Waya kuliko alipokuwa ndani ya pipa.

— Mimi pia silipendi. Ukilivaa unafanana na pazia.

— Pazia?

— La ukumbini.

Mchoraji alimtazama kwa ukali, akajitahidi kununa, akashindwa. Kicheko kikamtoka, akamlalia Waya begani na uchafu wake wote.

— Haya. Kesho tunakwenda kuchagua lingine, mimi na wewe. Mama yako abaki nyumbani.

— Nani atamwambia?

— Wewe.