Makofi ni Baada ya Kurudi

Duka la vyombo vya umeme lilikuwa limefurika Jumamosi ile, na wala si kwa sababu ya bei. Televisheni zote za ukutani, kubwa kwa ndogo, zilionyesha kitu kimoja: roketi nyeupe ya kampuni binafsi ikipanda na moto mkiani, imebeba chombo kipya cha kupeleka watu angani. Safari ilikuwa ya majaribio, kwa hiyo kitini alifungwa mwanasesere tu. Roketi ilipoacha ardhi, duka zima likapiga makofi. Fundi miwani mmoja alikuwa amekuja kununua pasi, lakini naye akapiga, tena kwa nguvu kama aliyelipwa.

"Dada, nakuomba," sauti ikasema kando yake. "Usipige makofi. Bado."

Akageuka. Alikuwa kaka mrefu mwenye ovaroli ya buluu na bisibisi mfukoni, kainamisha shingo kidogo kama mtu aliyezoea kuingiza kichwa ndani ya friji.

"Bado nini? Si kimeshapaa?"

"Kimepaa, ndiyo. Hakijarudi."

"Kwani makofi yangu yatakiangusha?"

"Sijasema hivyo." Akakuna kisogo. "Lakini ya nini kujaribu?"

Fundi miwani akacheka mpaka miwani ikamteleza puani. Siku hiyo alivaa gauni la njano na fremu nyekundu aliyoichonga mwenyewe, na alijua fika kwamba amependeza. Yule kaka naye alijua, maana alisahau kuangalia roketi.

"Na harusini je?" akamchokoza. "Huko unapiga makofi saa ngapi?"

"Sijawahi kuulizwa. Nipe namba yako, nikishapata jibu nitakupigia."

Mh! Mjanja huyu, akawaza. Namba akampa.

Kumbe alikuwa fundi friji wa duka lile lile, na wenzake walimwita Rubani, mtu ambaye hata ngazi ya ndege hajawahi kuikanyaga. Jibu la harusi hakulipata, lakini alipiga simu siku chombo kilipokuwa kinarudi, akamwalika stoo, nyuma ya duka. Huko, katikati ya mafriji mabovu, ndipo ilipokutana Kamati ya Anga: Rubani, mwalimu mstaafu wa hesabu, mama wa duka la dawa, na mchomeleaji mmoja mnene asiyeishiwa maswali.

"Karibu, mwanangu," mama wa duka la dawa alimpisha kwenye kreti. "Ila sheria unaijua?"

"Nimeshakaripiwa, mama."

Sheria ilikuwa na historia. Mwaka mmoja walishangilia roketi ilipopaa, wakafungua soda, wakakumbatiana. Chombo kikaungua wakati wa kurudi, na mwalimu mstaafu alilia mbele za watu. Tangu hapo wakala kiapo: hakuna makofi, hakuna pongezi, hakuna neno tamu mpaka chombo kiwe juu ya sitaha ya meli.

Kwenye skrini, mtangazaji akasema chombo kimeingia kwenye hewa nzito na mawasiliano yamekatika.

"Hapa kimezungukwa na moto," Rubani alimnong'oneza. "Ukikiita hakisikii. Unasubiri tu."

Kisha miavuli ya kushukia ikafunguka, chombo kikatua baharini, meli ikakisogelea, winchi ikakinyanyua. Kilipogusa sitaha, watu wazima wanne wakaruka kama watoto. Rubani alipiga makofi huku machozi yanamtoka, wala hakuyaficha. Hapo ndipo fundi miwani alipokwisha kabisa.

Wakapendana. Jioni Rubani alimpitia kwenye duka la miwani, akakaa kumtazama akisaga lenzi hadi zinaingia kwenye fremu bila kulazimishwa. Alimwita Miwani yangu. Aliimba vibaya, alicheka vizuri, alikumbuka chai yake haina sukari. Neno moja tu halikumtoka mdomoni, na fundi miwani alilisubiri kwa hamu mpaka akaanza kuona aibu.

Kisha kampuni ya fundi miwani ikamteua kwenda makao makuu, mji wa mbali, kujifunza mashine mpya ya kukata lenzi. Miezi mitatu. Na tetesi zilisema anayefanya vizuri huko hubakizwa.

Siku ya safari alivaa lile gauni la njano kwa makusudi. Stesheni ilikuwa imejaa, watu wanakumbatiana, wengine wanalia waziwazi. Rubani alimbebea sanduku hadi mlangoni mwa behewa. Akasimama. Akampa mkono.

"Haya," alisema. "Ukirudi tutaongea."

"Mkono!" shangazi yake aliyemlea alifoka kwenye simu, alipopigiwa na kusimuliwa treni ilipoondoka. "Amekupa mkono kama balozi wa nyumba kumi! Mtu gani huyo?"

"Sijui, shangazi," akajibu, na akalia kituo hadi kituo.

Huko kazi ilimkubali. Mashine aliielewa haraka, na mkurugenzi akamwita: nafasi ya kudumu ipo, mshahara mzuri, jibu Jumatatu. Akampigia Rubani siku hiyo hiyo.

"Wamenipa kazi huku. Nibaki?"

"Ni uamuzi wako, Miwani yangu. Mimi... sitaki kusema kitu kabla hujarudi."

"Na kama sirudi?"

"Usiseme hivyo."

"Wewe ndiye usiyesema!"

Akakata simu. Hakumpigia tena, akasubiri apigiwe yeye. Simu ikalala mezani, haikuita. Jumamosi akamwambia shangazi kwamba ameamua, Jumatatu atakubali kazi.

"Sawa, mama," shangazi alisema kwa sauti ya mtu anayetafuta viatu vyake. "Wewe amua huko. Mimi kuna mtu nakwenda kumwona."

Jumapili, ukumbi wa chakula wa hosteli ulikuwa na televisheni. Chombo kile kile kilikuwa kinarudi kutoka safari yake ya pili ya majaribio. Fundi miwani aliingia kuchukua maji tu, akabaki amesimama na glasi. Mawasiliano yakakatika. Miavuli ikafunguka, mmoja ukichelewa kidogo, na ukumbi ukapiga makofi. Yeye hakupiga.

"Vipi, hukufurahi?" jirani yake akamuuliza.

"Bado," akasema, na akajishangaa.

Bado, kwa sababu aliogopa. Alikitaka kile chombo kirudi salama kiasi kwamba mikono yenyewe iligoma. Akaukumbuka ule mkono wa stesheni, jinsi ulivyokuwa wa baridi. Jamani! Yule mtu hakumuaga kama balozi. Yule mtu alimuaga kama anavyoiaga roketi.

Chombo kilipogusa sitaha akapiga makofi peke yake, watu wakimkodolea macho, kisha akatoka uani na kumpigia Rubani simu. Ikapokewa katikati ya zogo la Kamati.

"...nakwambia mwavuli wa tatu ulichelewa!" mchomeleaji alikuwa anapaza sauti.

"Ulichelewa, lakini ulifunguka," mwalimu akajibu. "Na tazama ubavuni kilivyoungua, safari hii moto umekilamba upande mmoja tu."

"Mwanasesere je, mzima?" mama wa duka la dawa akauliza.

"Mzima kuliko wewe!"

"Rubani," fundi miwani akaita.

Zogo likafa.

"Miwani yangu?"

"Kimerudi. Nimeona. Sikupiga makofi mpaka mwisho."

"Kweli? Hata ule mwavuli wa tatu..."

"Achana na mwavuli! Kwa nini hukunipigia?"

"Ulinyamaza. Nikasema yuko kwenye moto, hasikii, nisubiri tu."

"Mimi si chombo! Mimi nina simu!"

"Najua. Shangazi yako alikuja jana kunieleza, wala hakuchagua maneno. Nilitaka kukupigia saa ile ile. Nikaogopa." Akavuta pumzi. "Kila nilichokishangilia mapema kimeungua. Na wewe ndiye kitu cha pekee ambacho kikiungua, mimi nimekwisha."

Fundi miwani akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Kesho wanataka jibu. Mimi sikuombi makofi. Nakuomba neno moja."

Safari hii hakukata simu.

"Nakupenda," Rubani akasema.

"Rubani! Bado!" mchomeleaji akapiga kelele nyuma.

"Nakupenda," akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, kuwafunika wote. "Ukirudi nakupenda, ukibaki nakupenda, na ukibaki nitakuja huko, mafriji yako kila mahali. Lakini rudi. Nakuomba."

"Mwache aseme, wewe!" mama wa duka la dawa alimkemea mchomeleaji. "Sheria ni ya roketi."

Jumatatu fundi miwani aliikataa ile kazi, na mafunzo yalipokwisha akarudi kwa treni ya mchana. Aliwaona dirishani kabla haijasimama: Kamati nzima imejipanga na shangazi yake, wamevaa vizuri, nyuso kavu, mikono nyuma. Rubani alivaa suti isiyo yake, mikono ya koti imemfikia karibu na viwiko. Fundi miwani akashusha mguu mmoja. Hakuna aliyepumua. Akashusha wa pili.

Makofi yakalipuka mpaka wapagazi wakageuka. Rubani hakumpa mkono safari hii. Alimkumbatia hadi fremu nyekundu ikapinda, naye fundi miwani hakujali, fremu angeinyoosha.

"Lile swali lako la dukani," Rubani alisema sikioni mwake. "Nimepata jibu."

"Swali gani?"

"Harusini napiga makofi saa ngapi." Akamwachia, akamtazama usoni. "Ukinikubali, nitapiga mwanzoni kabisa. Ukitokea tu mlangoni, kabla hujanifikia."

"Na hutaogopa?"

"Nitaogopa sana. Nitapiga hivyo hivyo."

Fundi miwani akaivua ile miwani iliyopinda, akampa aishike. Kisha, hapo hapo katikati ya watu na masanduku, akampigia makofi.