Aliyesemewa Nyuma ya Mlango

Komenti iliyomshtua Kasuku iliandikwa na mtazamaji anayejiita Mama Pacha, saa tisa na nusu alasiri, jua likiwa kali na dirisha wazi. Ilisema: "Leo sauti ya yule wa nyuma ya mlango imetoka kabla hujafungua mdomo. Umefanyaje?"

Kasuku aliisoma kwa sauti, akacheka, akajibu kwamba ni mtandao tu, unachelewesha picha. Jibu lilionekana zuri. Lakini kama picha ingekuwa inachelewa, ingechelewa kwa wahusika wote, si kwa mmoja.

Kazi yake ilikuwa kucheza gemu laivu huku watu wakimtazama. Hazikuwa gemu za risasi wala magari. Ilikuwa gemu moja ndogo iliyotengenezwa na vijana wawili, hadithi ya mshonaji anayerudi katika nyumba ya marehemu baba yake na kuzungumza na waliobaki humo. Gemu haikuwa na sauti za watu. Maneno yalijiandika chini ya kioo, na Kasuku ndiye aliyeyasoma, kila mhusika na sauti yake: mjane mwenye kikohozi, mzee mkali, mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Kwa ajili hiyo aliitwa Kasuku, na hata mama yake mzazi alikuwa amelisahau jina lake jingine. Watazamaji walipiga kura mshonaji ajibu nini, wakagombana, wakarudi kesho kuona kilichotokea. Walianza thelathini, wakafika mia nne.

Mwenzake katika kazi alikuwa binamu yake, fundi simu, ambaye nyumba nzima ilimwita Fundi. Yeye alikaa sebuleni na kompyuta ya pili, akisoma komenti na kurekebisha sauti. Alikuwa amebandika karatasi ukutani mbele ya Kasuku, imeandikwa kwa wino mwekundu: KIMYA KISIZIDI SEKUNDE TANO. Alisema mtazamaji akikutana na kimya anahama, na akihama harudi.

Katika sehemu ya nne ya hadithi kulikuwa na ukumbi mwembamba, na mwisho wake mlango uliofungwa. Ukiubisha, zilitokea nukta tatu tu. Watengenezaji hawakumwandikia aliyekuwa nyuma yake hata neno moja. Siku ya kwanza kufika pale, Kasuku alibisha, nukta zikatokea, akahesabu moyoni: moja, mbili, tatu, nne. Akaogopa watu wataondoka.

"Basi nitakusemea mimi," akauambia mlango. "Sauti yangu hii hapa. Chukua, sema."

Akatoa sauti nzito ya taratibu, ambayo hajawahi kuifanya, akasema, "Nimekaa humu muda mrefu." Komenti zilimiminika mpaka Fundi akashindwa kuzifuata. Tangu siku hiyo watu walikuja kwa ajili ya mlango.

Sasa, baada ya komenti ya Mama Pacha, Kasuku alizima matangazo, akaenda sebuleni.

"Fundi, unachezea sauti yangu?"

"Sauti ipi?"

"Usinijibu swali kwa swali. Unanirekodi, halafu unaipachika."

"Dada, komenti zenyewe zinanitoa jasho. Muda wa kukurekodi nitaupata wapi?"

"Wewe si ndiye ulisema lazima tufike mia tano?"

"Nilisema. Sikusema nitaloga."

Alitabasamu, lakini macho yake yalikuwa yakimchunguza mdomo. Kasuku alielewa kwamba Fundi naye alikuwa na lake moyoni: alidhani Kasuku amejifunza kusema bila kufungua mdomo, na anamficha.

Jioni, mama yake alimkuta akianua nguo.

"Mgeni wako ameshaondoka?"

"Mgeni gani, Mama?"

"Huyo mwanaume anayeongea chumbani kwako kila alasiri."

"Ni mimi. Naigiza."

"Wewe nakujua tangu unalia kwa njaa. Kukohoa kwako nakujua, kununa kwako nakujua. Yule si wewe." Mama alikunja shuka, akalipiga-piga. "Kama kuna mtu, mlete mezani ale kama watu. Usimfungie chumbani kama mbuzi wa wizi."

Kasuku alitaka kucheka, akashindwa.

Kesho yake zamu ya mtoto ilipofika, alifungua mdomo na ikatoka hewa tupu. Akanywa maji, akajaribu tena. Sauti ya mtoto haikuwepo, kama vile hakuwahi kuwa nayo. Akawaambia watu ana mafua, akasoma maneno ya mtoto kwa sauti yake ya kawaida. Alipobisha mlango, kabla hajasema lolote, sauti ya mtoto ilijibu kutoka ndani ya spika, tamu, yenye upepo kwenye meno: "Nimekaa humu muda mrefu." Chumba kilijaa harufu ya kisima kilichofunikwa kwa miaka. Watazamaji waliandika kwamba leo amejipiku.

Siku ya tatu sauti ya mjane iliondoka. Siku ya nne ya mzee. Kasuku hakuwa na kitu kingine duniani. Hakuwa na duka, hakuwa na cheti, alikuwa na koo lake tu, na sasa lilikuwa linachukuliwa kidogo kidogo, na bado alimshuku Fundi, kwa sababu kumshuku Fundi kulikuwa na nafuu.

Siku ya tano aliamua kumkamata. Katikati ya matangazo alichomoa waya wa maiki, akaushika mkononi, akatoka chumbani kimya kimya huku mlango wa gemu ukiwa kwenye kioo, akapita koridoni akinyata, akijua kabisa atakachokikuta, binamu yake ameinamia vitufe akicheka peke yake, na alipofika sebuleni akamkuta Fundi ameketi wima, mikono yake yote miwili iko juu ya meza, imetulia, viganja chini, uso umempauka, akimtazama yeye, kisha waya uliokuwa unaning'inia mkononi mwake, kisha spika, ambamo sauti ya Kasuku mwenyewe, ile ya kila siku, ya kuombea chumvi na kuitikia simu, ilikuwa inasema kwa uchangamfu, "Karibuni wapendwa wangu, leo sitanyamaza."

"Dada," Fundi alinong'ona. "Niambie ni wewe."

Kasuku alifungua mdomo amwambie azime. Haikutoka hata hewa.

Kesho yake asubuhi Mama ndiye aliyemfuata mganga. Mganga alikuwa mwanamke wa makamo aliyepanga chumba nyuma ya duka la viatu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kabla ya kukaa aliomba aonyeshwe choo. Alipotoka alimsikiliza Fundi mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Kasuku.

"Yule kwenye mchezo hakuandikiwa maneno?"

Kasuku akatikisa kichwa.

"Na wewe ukamwambia achukue sauti yako?"

Akakubali kwa kichwa, machozi yakimtoka.

"Basi nisimwite mwizi. Alikuwa mahali pake amenyamaza, mkamfungulia." Mganga alivua miwani, akaifuta. "Utarudi palepale mlangoni, mbele ya watu walewale waliosikia ukimpa. Utabisha, halafu utanyamaza. Atasema. Atakulilia, atakutukana. Asipojibiwa na asiposemewa, ataongea mpaka aishiwe, na akiishiwa atabwaga alichobeba."

"Muda gani?" Mama aliuliza.

"Mimi si saa, dada yangu." Akaitazama kompyuta. "Na hao watu wako wapi?"

"Kila mtu kwao," Fundi alisema. "Hao hawasemi. Wanaandika tu."

"Nao wanyamaze."

Fundi akaandika kwa herufi kubwa juu ya kioo: LEO NI KIMYA. USIANDIKE KITU.

Saa tisa alasiri Kasuku alibisha. Nukta tatu zikatokea. Sekunde tano zikapita, kisha kumi, na kitu kikaanza kucheka ndani ya spika kwa sauti ya mtoto. Kilimwimbia. Kikakohoa kama mjane. Kikamfokea kama mzee, kikamwambia watu wanaondoka, mia mbili wameshaondoka, keshokutwa hakuna atakayemkumbuka. Kisha kikachukua sauti yake mwenyewe, kikaanza kumwita mama yake, "Mama, niko humu, Mama, kuna giza, kwa nini huniitikii," na mama yake, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti na leso kaisokomeza kinywani kwa mikono miwili, akapiga magoti sakafuni, na Fundi akamkumbatia asije akaitika, na harufu ya kisima ikapanda mpaka macho yakawasha, na sauti ikaendelea, ikilia, ikibembeleza, ikitaja vitu ambavyo Kasuku alivifanya akiwa na miaka sita chini ya kitanda, na Kasuku akaitazama ile karatasi ya wino mwekundu ukutani na kuuma midomo mpaka ikachanika, mpaka jua likahama dirishani, mpaka sauti ikaanza kukwaruza, ikawa mnong'ono, ikawa pumzi.

Nukta moja ikapotea. Ya pili. Ya tatu.

Kitu cha moto kilimshuka kooni kama amemeza chai haraka. Akakohoa.

"Mama," alisema.

Mama alimshika uso, akamwambia aseme tena, akasema tena. Akajaribu mtoto, akajaribu mjane, wote walikuwepo. Fundi alikuwa analia na kujifanya ana mafua. Mganga aliomba maji ya kunywa, akasema dirisha liachwe wazi.

"Ngoja niwaambie wanaweza kuandika," Fundi alisema, akarudi kwenye kompyuta yake. Watazamaji hawakuwa wameondoka. Walikuwa mia saba. Alifungua komenti, akaanza kusoma kwa furaha, kisha akapunguza sauti.

"Nini?" Kasuku alimfuata.

Ya kwanza ilikuwa ya Mama Pacha. "Samahani dada, sikuandika kitu kama mlivyosema. Ila kimya kilinishinda, nikawa namsemea huku kwangu, kwa sauti ndogo tu, wanangu wacheke. Sasa wanangu wamelala, na kuna mtu anaongea nao."

Chini yake kulikuwa na nyingine, ya mtu mwingine. "Hata mimi nilimsemea." Na nyingine. Na nyingine, zikishuka kwa kasi ambayo Fundi hakuweza kuifuata.

Mganga alikuwa amesogea nyuma yao. Alisoma mbili, tatu, akaishika meza.

"Wanakaa wapi hawa?" aliuliza.

Hakuna aliyejua. Kasuku alirudi chumbani, akachomeka waya wa maiki. Taa yake nyekundu ikawaka, watu mia saba wakisubiri. Alikuwa na sauti yake sasa, yote, na hakujua aseme nini.