Maji ya Bluu kwenye Ndoo ya Deki

Bamba la shaba lilikuwa limetoweka. Tangi la kioo lilikuwa kavu, nyaya mbili zikining'inia juu yake. Waya wa platini, uliozidi kwa thamani kila kitu mle maabarani, haukuguswa.

Inspekta, ambaye askari wake walimwita Polepole, alikagua mlango. Kitasa kizima. Hakuna alama ya kuvunjwa.

"Mtambo huu unafanya nini?" alimuuliza mkurugenzi.

"Visima vyetu vimejaa nitrati ya mbolea kutoka mashambani. Mtoto mchanga akinywa, midomo inageuka rangi. Sisi tunapitisha umeme kwenye maji, na lile bamba linageuza nitrati kuwa amonia. Amonia tunavuna, maji yanabaki salama." Akatazama saa. "Bomba linafunguliwa leo alasiri. Bamba la akiba liko njiani."

Nje, foleni ya ndoo ilishaanza. Mbele kabisa alikaa mwanamke mwenye mtoto mgongoni.

"Dada wa mkemia wetu," alisema mkurugenzi. "Mtoto huyo nusura afe. Msafishaji ndiye kamtolea kiti."

Polepole alikitazama kile kiti kwa muda. Kisha akamwita mkemia, kijana mwenye macho mekundu.

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi, mkurugenzi na msafishaji."

"Mwizi kaacha platini."

"Labda hakuijua, afande."

"Lakini alizima umeme, akamwaga maji, akakikunja kitambaa alichofutia. Mwizi mwenye adabu."

Mkemia hakucheka.

"Mnapoteza muda," alisema mkurugenzi. "Msafishaji ana ufunguo, na shaba inauzika. Mfungeni pingu."

Msafishaji, mama wa makamo, alishika ufagio kwa mikono miwili. "Shaba niipeleke wapi, baba? Mimi hata deki leo imenishinda. Dawa imeharibika."

"Imeharibika vipi, mama?" aliuliza Polepole.

"Siku zote haina rangi. Leo bluu."

Ndoo ilikuwa kwenye kabati la mafagio. Maji yake yalikuwa ya bluu kama wino, na harufu yake ilichoma macho. Polepole alivaa glavu, akazamisha mkono. Akatoa bamba.

"Dawa hii ina nini?"

Mkemia alijibu kwa sauti ndogo. "Amonia. Inakula shaba, inageuka bluu."

"Kumbe amonia mnayo hata bila mtambo."

Uani gari lilizima injini. Bamba la akiba lilikuwa limefika.

"Kijana wangu, aliyeficha hili hakutaka kuliuza. Alitaka bomba lisifunguliwe. Sasa wanakwenda kufunga lingine, na wa kwanza kunywa ni mpwa wako. Nisubiri?"

Mkemia alijibu akilitazama bamba.

"Ni mimi. Chupa za vipimo nilikuwa naziosha kwa dawa hiyo, kwa sababu inang'arisha. Tukapima amonia tu, nitrati iliyobaki hatukuipima. Jana niliuzima mtambo, nikapima tena. Amonia ileile. Ilitoka kwenye chupa zangu; nitrati bado imo majini."

"Mbona hukusema?"

"Nilimwahidi dada mbele za watu. Nikaona heri niibiwe kuliko niitwe mwongo."

"Na mama huyu afungwe?"

Mkemia akamgeukia msafishaji, macho chini. "Nisamehe, mama."

"Yangu yatangoja," alisema yule mama. "Nenda kwa dada yako kwanza, yule mtoto ana kiu."

Polepole alirudisha pingu mfukoni, akatembea na mkemia hadi uani. Dada yake alisimama akitabasamu, kikombe mkononi.

"Mjomba wako huyo," alimwambia mtoto. "Tayari?"

"Dada, usinywe. Hayafai. Nilikosea, halafu nikaficha."

Mtoto alikinyooshea mkono kile kikombe. Mama yake akakifudikiza juu ya kiti.

"Basi simama hapa kando yangu," alisema, "uwaambie na hawa wote."