Mikono Bila Udongo

Kwenye video mikono ya mama ilikuwa mitupu, lakini udongo ulisikika. Pwa. Pwa. Mdadisi alirudisha nyuma mara tatu, sikio kalitega. Mlio ulikuwa ule ule wa kiganja kinachopiga udongo mbichi.

Walimpa jina hilo tangu utotoni kwa maswali yake yasiyokwisha. Mama yake ndiye mfinyanzi wa mwisho mtaani, na nuru ya macho ilikuwa inampungua, ndiyo maana binti alinunua kamera ili kazi ile isizikwe naye. Siku mbili alirekodi vizuri. Siku ya tatu akataka zaidi.

"Mama, udongo unaficha vidole. Hebu fanya bila udongo, nivione."

"Mikono ya mfinyanzi haifanyi kazi mitupu, mwanangu. Ukifinyanga hewa, yupo atakayekuletea udongo wake."

"Mama naye! Dakika moja tu."

Mama alicheka. "Haya. Mtoto akililia wembe, mpe."

Tangu mchana ule mikono ya mama haikutulia. Akila, inafinyanga, akiongea na jirani, inafinyanga. Nyumba ikanuka tope, ingawa pipa la udongo lilikuwa kavu. Mwanzoni ilizunguka hewani kitu cha kimo cha chungu. Kesho yake kilimfika kifuani. Keshokutwa Mdadisi alitoka jikoni akamkuta mama kasimama juu ya kigoda, jasho linamtiririka, viganja vikilainisha mabega ya kitu kisichoonekana, vikipanda shingoni, vikizunguka kidevu, vikitoa masikio mawili, na kila vilipogusa, pwa, hewa iliitikia, huku maji ya tope yakitambaa sakafuni na kuchora nyayo mbili zilizoelekea mlangoni, pale pale aliposimama yeye.

"Si mimi," mama alinong'ona. "Ni jini, mwanangu, ananifinyangisha mwili wake. Bado macho tu. Akishaona, tumekwisha."

"Nifanyeje, mama?"

"Futa vyote ulivyorekodi. Humo ndimo alimoingilia."

Moyo ulimuuma Mdadisi. Ufundi wa mama wa miaka hamsini ulikuwa mle ndani, na nakala nyingine hakuna. Alilia kwa kwikwi, lakini alifuta.

Mikono ya mama ikadondoka, ikatulia. Mdadisi akamteremsha kigodani, wakakumbatiana.

"Usilie," mama alisema. "Kesho tutakanda udongo, nikufundishe mwenyewe. Kamera ya nini?"

Pwa.

"Mama, umesikia?"

Mama alizidi kumbana. Mikono yake yote miwili ilikuwa mgongoni kwa bintiye, na sakafuni nyayo za tope zilikuwa zinatembea peke yake, zikagonga meza, zikagonga ukuta, zikageuka, zikafuata sauti ya kilio hadi zilipowafikia.

Vidole vya baridi vikamgusa Mdadisi shingoni. Vikapanda kidevuni, vikapapasa mashavu bila haraka, vikafika kwenye kope zake. Hapo vikaanza kupima.