Makombo ya Bustani

Haya hayakunipata mimi, yalimpata jirani yangu Solange, hapa hapa mjini Senlis, na bado tunasalimiana kila asubuhi.

Ilikuwa Jumamosi, wiki ya kuelekea Sikukuu ya Watakatifu Wote, nami nilikuwa kwake nakunywa kahawa. Solange alikuwa anasafisha mchoro ulioachwa na marehemu baba mkwe wake: bustani ya kitajiri majani yakipukutika, njia zimenyooka, miti imepunguzwa ikalingana. Mchoraji alikuwa ameudonoa wote nukta kwa nukta. Ukisogea unaona madoa tu. Ukirudi nyuma, bustani inatokea. Solange aliusugua kwa mkate laini, kama mama zetu walivyotufundisha, na makombo yakadondoka sakafuni yamelowa rangi ya chungwa.

Bintiye, Clémence, akayaokota akayala.

"We mtoto! Tema!"

"Bibi kasema mkate hautupwi," akajibu, mashavu yamejaa.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Jioni madoa yakamtokea Clémence usoni. Nikasema ni surua, maana mimi huwa najifanya daktari wa mtaa. Lakini surua gani ina madoa ya buluu?

Kesho yake, baada ya misa, Solange aliniita. Nilimkuta amesimama mwisho wa ujia wa ndani, mgongo ukutani.

"Jirani," alinong'ona, "unaona nini chumbani?"

Mlango ulikuwa wazi. Clémence alikuwa ameketi kitandani, anachana nywele za mwanasesere wake.

"Namwona mwanao. Mzima kabisa."

"Haya, nenda karibu."

Nikaenda. Uso wake ukaanza kulegea. Nikasogea tena. Pua ikaachana na macho. Nikanyoosha mkono.

Hakukuwa na mtoto. Madoa tu. Ya chungwa, ya zambarau, ya buluu, yanaelea juu ya shuka. Baridi. Yananuka majani yaliyooza.

"Mama, mbona hunikumbatii?" Sauti ya Clémence ilitoka katikati ya madoa.

Nilirudi kinyumenyume. Nilipofika ukutani, mtoto akawa mtoto tena, amenyoosha mikono, analia. Solange alikuwa ameng'ata kiganja chake asipige yowe.

Daktari alikuja, padri akaja. Kila aliyefika kitandani alishika hewa. Kuuchoma ule mchoro hakuna aliyethubutu, maana nani angejua nini kingeungua nao?

Solange akahamishia kiti chake mwisho wa ujia. Akawa anakula hapo, analala hapo, anamwimbia mwanawe kwa mbali. Kisha siku moja ujia haukutosha. Hata kutoka ukutani aliona madoa matupu.

Sasa huja kwangu, ng'ambo ya barabara, akamtazama mwanawe kupitia dirisha langu. Akiondoka, kioo pale alipoegemeza paji la uso hubaki na nukta mbichi za rangi. Nazifuta kimya kimya. Sijamwambia.

Leo amesimama dirishani muda mrefu, anapepesa macho kama asiyemwona tena mtoto. Halafu ameniuliza, kwa upole kabisa:

"Jirani, ufunguo wa mnara wa kanisa anao nani?"